Walioletwa: Habari za Njia ya Unyanyembe na Biashara ya Watumwa

Katika sheria ya Musa mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa yubilei. Baragumu ilipigwa katika nchi nzima, mashamba yakawarudia wenyewe, na mtu aliyeuzwa utumwani akarejea kwa jamaa zake akiwa huru. Basi neno hili tunaloliimba leo kwa shangwe na ngoma lilikuwa tangu mwanzo neno la mtumwa anayefunguliwa. Kwa hiyo tumeona haifai kitabu cha yubilei kitoke Tabora bila kutaja habari za utumwa. Maana mji huu ulikuwa njia panda ya biashara hiyo, na Kanisa letu la hapa lilizaliwa katikati yake.

Tena tunayo sababu ya pili. Sisi walimu wa dini huitwa mara nyingi kukaa pamoja na wazee siku za posa. Zaidi ya mara moja tumeona, mambo yote yakiwa yamekwisha kupatana, mzee mmoja akiinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini: "Lakini ukoo ule si wa hapa. Babu yao aliletwa." Hasemi aliletwa na nani, wala kwa bei gani, wala alilima shamba la nani. Neno ni hilo moja tu, nayo posa hulegea. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na neno hilo lingali na nguvu. Habari hizi tumeziandika ili tulijibu.

Jinsi njia ilivyofunguliwa

Twasoma vitabuni kwamba Wazungu fulani waligundua maziwa ya nchi yetu, kana kwamba maji hayo hayakuwa na watu wa kuyanywa. Yatupasa kuanza nyuma zaidi. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wasafiri na wafanyaji biashara zamani za kale. Walinunua chumvi ya Uvinza, wakachukua majembe ya chuma kutoka nchi moja mpaka nyingine, na yapata mwaka 1800 misafara yao ilikuwa imekwisha kufika baharini, ikichukua pembe za ndovu. Basi njia hii ilifunguliwa kutoka bara kwenda pwani. Waarabu na Waswahili waliifuata baadaye wakija upande wa huku, katika nyayo za watu wetu.

Yapata mwaka 1850 wafanyaji biashara wa pwani walikuwa wamejenga matembe yao Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo baadaye pakaitwa Tabora. Hapa njia iligawanyika: moja ikaenda Ujiji, na nyingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Hawakukaa kama wageni tu. Muhammad bin Juma, babaye Hamed bin Muhammad ambaye watu humwita Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Hivyo biashara na ujamaa vilifungwa pamoja, wala si rahisi leo kuvitenga na kusema: hawa walikuwa wao, na hawa tulikuwa sisi.

Upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Kijana asiyeiona bahari hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, na mtu wa pembe kubwa alichukua zaidi. Mbele alitangulia kirangozi mwenye bendera, ngoma na baragumu zikisikika, na safari ya kutoka Bagamoyo mpaka hapa ilikuwa ya miezi mitatu au zaidi, ikipita Usagara na Ugogo, ambako watemi walidai hongo kwa ajili ya maji na njia. Na neno moja lishikwe vema: mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru. Alipatana ujira wake, na alipoona amedhulumiwa alitua mzigo na kugoma. Kuna watu wanaodhani kwamba pembe zote zilishushwa pwani mabegani mwa watumwa waliofungwa minyororo. Wachunguzi wa historia wa siku hizi wameonyesha kwamba sehemu kubwa ilichukuliwa na wapagazi huru. Njia ilikuwa moja, lakini waliopita humo hawakuwa wa hali moja.

Habari za merikani

Bidhaa iliyopendwa kupita zote katika njia hii ilikuwa nguo nyeupe ya pamba iitwayo merikani. Kwa doti za merikani mtu alinunua pembe, alilipa hongo, alitoa posho, na kwa doti hizo hizo alinunua binadamu. Jina lake lasema asili yake. Mwaka 1833 serikali ya Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikaja Unguja zikiwa zimejaa nguo, zikarudi na pembe, gundi ya sandarusi na ngozi.

Sasa na tuulize: pamba ya nguo ile ililimwa na nani? Ililimwa katika majimbo ya kusini ya Marekani na watumwa, watoto na wajukuu wa watu waliotekwa Afrika na kuvushwa Bahari ya Atlantiki. Kati ya karne ya 16 na karne ya 19 merikebu za Wareno, Waingereza, Wafaransa, Waholanzi na wengine zilipakia watu wapatao milioni 12.5 kutoka Afrika. Karibu milioni 2 kati yao walikufa baharini. Wengi wao walitoka pwani ya magharibi, nchi za Angola, Kongo na Guinea. Lakini wengine walitolewa Msumbiji, upande wetu wa bara hili. Na Wafaransa waliokuwa na mashamba ya miwa katika visiwa vya Mauritius na Réunion walikuja Kilwa: mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa kila mwaka. Baadaye karafuu za Unguja na Pemba zikataka mikono mingi kuliko miwa ya Wafaransa.

Basi mtu asidhani kwamba utumwa wa Atlantiki ni habari ya mbali isiyotuhusu. Mtumwa wa Marekani alichuma pamba. Mashine za Salem zikaifuma. Mpagazi wetu akaichukua mpaka Unyanyembe. Na huko Manyema nguo ile ile ikamnunua mtumwa mwingine. Nao Wamarekani walipopigana wao kwa wao, mwaka 1861 mpaka 1865, pamba ilikosekana, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Hivyo vita vya ng'ambo kuhusu utumwa vilisikika katika bei za huku bara. Na pembe zetu zilichongwa kuwa vitana, mipira ya mchezo wa biliadi, na vibao vya piano ambavyo mabinti wa Ulaya na Marekani walivipiga nyumbani mwao jioni.

Nani aliwaleta

Watumwa walioonekana Tabora walitoka hasa nchi za magharibi ya ziwa Tanganyika, Manyema na jirani zake, na pande za ziwa lenyewe. Wengine walitekwa vitani. Wengine waliuzwa wakati wa njaa na jamaa zao wenyewe, au walitolewa kuwa malipo ya deni. Waliovuka ziwa walipitia Ujiji, na kutoka Ujiji wakaja hapa. Baadhi yao waliendelea mpaka pwani na Unguja. Lakini wengi hawakuona bahari kamwe. Walibaki Unyanyembe.

Hapa ndipo kalamu yetu inapokuwa nzito, lakini yubilei haipigwi juu ya uongo. Waliobaki walinunuliwa na nani? Waarabu walinunua, ni kweli, na mashamba yao ya mpunga na ngano yalilimwa na watumwa. Lakini Wanyamwezi nao walinunua. Mwanamume aliyekwenda safari aliacha shamba lake wakati wa kiangazi, na pengine hakurudi hata mvua zimenyesha. Alipopata ujira wake wa nguo, wako walionunua ng'ombe, na wako walionunua mtu wa kushika jembe mahali pao. Watemi nao waliuza mateka wa vita vyao. Hata vita vikubwa vya siku zile, vile vya Mnywa Sele aliyefukuzwa katika utemi kwa sababu aliwatoza Waarabu kodi, akauawa mwaka 1865, na vile vya Mirambo wa Urambo aliyewafungia Waarabu njia mwaka 1871, havikuwa vita vya kuwafungua watumwa. Vilikuwa vita vya kupata njia, pembe na bunduki, na kila jeshi la rugaruga lilirudi na mateka.

Mzee akisema "aliletwa", na aendelee basi mpaka mwisho wa sentensi yake: aliletwa na sisi, kwa nguo tuliyoipata kwa jasho letu.

Wazungu na viongozi wao

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh wakiwa wagonjwa, baada ya safari ya miezi zaidi ya minne. Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea vizuri, akawaeleza habari za maziwa matatu waliyoyatafuta, kwa kuwa misafara ilikuwa imeyazoea. Speke alipokwenda kaskazini akaiona Nyanza, mwezi Agosti 1858, alipita njia aliyoonyeshwa.

Pamoja nao alikuwako mtu aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika Wayao, akatekwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akavushwa mpaka Bara Hindi. Bwana wake alipokufa aliachwa huru, akarudi Unguja. Mtu huyu aliwaongoza Burton na Speke. Akarudi tena na Speke na Grant. Akasafiri na Stanley mwaka 1871. Na mwishowe akavuka Afrika nzima pamoja na Cameron, wakatokea pwani ya Angola mwaka 1875, karibu na Benguela, bandari ambako watu wengi mno walipakiwa kwenda Brazili. Mtumwa wa bahari ya mashariki akasimama kwa miguu yake, mtu huru, penye lango la utumwa wa bahari ya magharibi. Chama cha jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Naye pia alikuwa mmoja wa walioletwa.

Daktari Livingstone aliona kwa macho yake, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyaji biashara wakiwapiga risasi wanawake sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, wengi wakafa maji. Habari hiyo aliiandika, na Stanley aliyemkuta Ujiji mwaka ule ule akaichukua kwenda Ulaya. Wawili hao walikaa pamoja Kwihara, karibu na Tabora, mwanzo wa mwaka 1872. Stanley akaondoka mwezi Machi, na Livingstone akangoja katika tembe mpaka mwezi Agosti, walipofika wapagazi aliotumiwa. Mwaka uliofuata alikufa katika nchi ya Chitambo. Watu wake wakaukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakauchukua mpaka pwani, wakipitia hapa Unyanyembe mwezi Oktoba 1873, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Viongozi wao walikuwa Susi na Chuma, na Jacob Wainwright aliyejua kuandika. Chuma na Wainwright walikuwa wamefunguliwa utumwani tangu utoto. Hakuna mtu aliyewalazimisha kuuchukua mzigo ule. Tukihesabu safari zote za njia hii, hatujui iliyo kubwa kuliko hiyo.

Ghadhabu iliyowaka Ulaya haikuwa bure. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Lakini soko la pwani likifungwa, njia ya bara haifungwi siku ile ile. Hapa Tabora watu waliendelea kuletwa.

Watoto wa Kipalapala

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, ulitoka Bagamoyo. Padre Pascal alikufa njiani. Waliosalia walifika Tabora, wakagawanyika katika njia panda ile ya zamani: wengine wakaenda Nyanza na Buganda, wengine Ujiji. Baadaye wakarudi kujenga hapa, wakafanya kituo Kipalapala, wakawakusanya watoto waliowakomboa kwa nguo.

Msomaji na atafakari jambo hili. Wakristo wa kwanza wa Unyanyembe hawakuwa watoto wa watemi. Walikuwa watoto waliotekwa mbali, wengine wadogo hata wasilikumbuke jina la kijiji chao. Walifundishwa kusoma, kulima na kusali, na wengi wao hawakuona kwao tena. Wala tusifiche kwamba hata ukombozi huo ulikuwa na mashaka yake: nguo iliyolipwa ili mtoto mmoja afunguliwe iliweza kumpeleka mwuzaji akamtafute mwingine. Tena mtoto hakuulizwa anataka kwenda wapi. Alihamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine, ingawa mkono wa pili ulikuwa wa huruma. Mwaka 1889, uhasama na Mtemi Isike ulipozidi, mapadre waliiacha Kipalapala. Kazi ikaanza upya kwa kituo cha Ushirombo mwaka 1891.

Yuko mmoja ambaye sisi walimu wa dini hatuwezi kumwacha. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Sudani ya magharibi. Aliibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe wakamkomboa, wakampeleka Malta kusoma uganga. Mwaka 1888 alisafiri kutoka pwani mpaka Karema, kando ya ziwa Tanganyika, akawa mganga na katekista huko, akaoa, mwanawe akawa padre. Akatibu watu mpaka uzee wake, akafa mwaka 1956. Watu wa Karema hawakumwuliza ukoo wake. Walipanga mstari mlangoni pake.

Bendera na sheria

Dola za Ulaya zilisema zimekuja kukomesha utumwa. Kardinali Lavigerie alihubiri juu ya jambo hilo Paris na London mwaka 1888, na katika miaka ya 1889 na 1890 mataifa yalikutana Brussels wakaapa kuipiga vita biashara hiyo. Mwaka 1890 bendera ya Wadachi ikatwekwa Tabora. Isike alikataa kutawaliwa. Mwezi Januari 1893, boma lake lilipovunjwa, aliwasha baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa.

Uwindaji wa watu na misafara ya watumwa vilikoma, nasi tunashukuru. Lakini utumwa wenyewe Wadachi hawakuufuta. Waliogopa kuwaudhi mabwana, wakatoa barua za uhuru kwa mtu mmoja mmoja aliyejikomboa au kukombolewa. Mwaka 1904 waliamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru; wazazi wao wakabaki walivyo. Wakati huo huo walileta kodi ya nyumba na kazi za lazima, hata mtu huru akajikuta akivuta kamba asiyoitaka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi ikafa; ila vita vya 1914 viliirudisha kwa nguvu, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi wakafa katika njia za majeshi ya Wadachi, Wabelgiji na Waingereza. Wabelgiji waliingia Tabora mwezi Septemba 1916. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza: miaka 32 tangu bendera ya kwanza kupandishwa kwa jina la uhuru.

Lakini watumwa wengi hawakungoja karatasi. Siku za vita na baada yake waliondoka, wakalima mashamba yao wenyewe, wakajenga, wakaoana na majirani, wakaitwa Wanyamwezi kama wengine wote. Hakuna aliyewapigia baragumu. Walijipigia wenyewe.

Neno la mwisho

Miembe ingali imesimama Tabora na katika njia ya zamani, na watu hupumzika kivulini mwake bila kuuliza ni nani aliyetupa kokwa. Kama mzee akisema tena katika posa kwamba babu yao aliletwa, tunawaomba wenzetu walimu wa dini wasinyamaze. Wamwulize kwa adabu: Aliletwa na nani, mzee wetu? Alilima shamba la nani? Nasi tuliokula mahindi ya shamba lile, tutasemaje? Aibu ya wizi humshika mwizi na aliyenunua. Haimshiki aliyeibwa, wala mjukuu wake.

Tena tunaomba jambo moja dogo. Mwezi wa Novemba, majina ya marehemu yasomwapo kanisani, kila ukoo huleta karatasi yake. Wapo ambao hawana wa kuwaletea karatasi, kwa sababu majina waliyopewa na mama zao yalipotea Manyema, ziwani, au penye kambi za njiani. Mwaka huu wa yubilei, karatasi zikiisha, na mwalimu asimame kidogo na kuwataja wao pia: walioletwa, ambao twawahesabu kuwa babu zetu.